Jua la Mazin na Ndagala wa Mama Mkwe

Mdogo wangu Mazin anauza vitambaa pale Asiatique, mtaa wa maduka wa mji wetu, duka chini, nyumba juu, kama alivyotuachia marehemu baba. Ni mtu wa kawaida kabisa. Mpaka juzi juzi sifa yake kubwa duniani ilikuwa kukata kitambaa bila kupinda. Halafu akanunua gari la umeme, na nyumba yetu ikageuka chuo kikuu.

Mnajua hali ya mji wetu. Esanse, yaani petroli, ikipotea imepotea, na watu wanalaza magari yao kwenye foleni ya sitasiyo ya mafuta mpaka wanafahamiana na ukoo wa aliye mbele. Mazin alikuwa anapita pembeni yao na kigari chake, mkweche uliozaliwa Japani, ukashuka Dar, ukavuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kuteremka bandarini umefungwa kamba katikati ya magunia ya saruji. Gari hilo halina sauti. Mwenyewe ndiye sauti yake. Anashusha kioo, anawasalimia wa foleni, "Mungali hapo, jamaa zangu?" kisha anawafundisha kwamba jua ni la Mungu, halipangiwi foleni. Sijui kwa nini hakuna aliyempiga jiwe.

Juu ya nyumba, kwenye paa letu bapa la zege, akatandaza plaki za jua, vile vioo vinavyogeuza jua kuwa umeme. Plaki zinalisha betri ya nyumba, betri inalisha taa na frigo, kinachobaki linakula gari. Umeme wa mji ukikatika, majirani wanapanda kwetu kuchaji simu, na malipo yao ni kumsikiliza Mazin. Wengine waliona bora simu ife.

Lakini gari hilo lilikuwa na sababu yake, na hapo sina mzaha. Lamya, mke wake, kwenye mimba yake ya kwanza alitokwa na damu mchana, na mji mzima haukuwa na taksi yenye esanse. Mazin alimlaza kwenye mkokoteni wa duka, ule wa kubebea majora, akausukuma mwenyewe mpaka hospitali, kule juu mlimani. Lamya alifika mzima. Mtoto tulimzika jioni ileile. Mimba ya pili ilipokuja, daktari akasema dalili ya kwanza tu, wasikae nyumbani hata kidogo. Ndipo Mazin akauza kiwanja chake, akanunua gari na jua.

Miezi ya mwisho akaja mama yake Lamya, Bi Mwanasiti, kutoka Rumonge, mji wa wavuvi kule kando ya ziwa. Alikuja kumtunza mwanawe, na hakuja mikono mitupu: alikuja na magunia ya ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, wabichi nusu, maana mzazi lazima ale samaki apate maziwa. Ndagala wanataka kuanikwa. Bi Mwanasiti akapanda ngazi, akatazama kule juu, akaona vioo vyeusi, safi, vimeinamia jua, vya moto hata mkono hauwezi kuvigusa. Akamshukuru mkwe wake kwa kufikiria mbele. Akamwaga samaki.

Nilipanda kuanua nguo, nikakuta plaki zote zimevaa ndagala, na juu ya ndagala kuna chandarua cha kuzuia kunguru. Nikashuka dukani mbio.

"Mazin, umeona huko juu?"

"Nimeona, dada," akasema, anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nani? Mama?" Alinitazama kana kwamba nimemtuma akamvue mtu kilemba msikitini. "Yule ni mama mkwe, Zuwena. Mi nimwambie nini mama mkwe?"

Basi ndiyo hivyo. Bwana huyu aliyehutubia foleni nzima, anayejua umeme unavyotoka kwenye jua kuliko jua lenyewe, akiingia mama mkwe anasimama, anatazama zulia, anakuwa bubu. Nikamwambia kama unaogopa nitasema mimi. Akanishika mkono, akaniapisha. Eti nitamharibia jina ukweni. Eti heshima si utumwa. Nikamwambia si utumwa, lakini wewe umeshatumikishwa, na samaki.

Akaamua kutumia akili. Kwanza akamsifia upande wa pili wa paa: "Mama, kule nako kuna jua zuri sana." Bi Mwanasiti akasema ahsante mwanangu, nimeliona, nimeanika mihogo. Mazin akafikiri tena, akamnunulia mkeka mpana wa kuanikia, mzuri, wa rangi. Bi Mwanasiti akamwombea dua ndefu, akautandika juu ya plaki ili samaki wasiteleze. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka, na wiki ile mawingu nayo yalikuwa hayaondoki mlimani.

Betri ikaanza kushuka, na umeme wa mji nao ukija haukai hata saa. Gari likawa linakula kama mgonjwa, kidogo, halafu linaacha. Mazin akaacha kwenda nalo popote ili asilichoshe, akawa anatembea kwa miguu, anapita foleni ya sitasiyo upande wa mbali. Lamya, ambaye daktari alimkataza ngazi na hajui lolote la huko juu, kila jioni anauliza, "Gari limejaa?" Na huyu kila jioni anajibu, "Limejaa, habibti." Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa naliona hilo kwa macho yangu, ndani ya nyumba yangu, linanuka samaki.

Ijumaa, wanaume wanatoka msikitini, Lamya akaniita chumbani kwa sauti ndogo. Maji yameshuka, na kwenye maji kuna damu.

Tulimteremsha. Mazin akawasha gari, na kile kioo chenye maandishi ya Kijapani kikaonyesha kijistari kimoja, chekundu. Hicho hakihitaji mkalimani. Nikamtazama, akanikwepa. Sokoni tulipita vizuri, tambarare haina shida. Kupanda kulipoanza gari likapunguza mwendo lenyewe. Bi Mwanasiti, aliyempakata mwanawe kwenye kiti cha nyuma, mimi pembeni yao, akasema, "Mwanangu Mazin, washa ule ubaridi, mutoto anasikia joto."

Ubaridi unakula umeme kuliko mlima. Alijua. Alishatufundisha sote, hata paka wa nyumbani anajua. Wallahi, akanyoosha mkono akawasha.

"Zima!" nikasema. Akasita, mkono hewani, anamwangalia mama mkwe kwenye kioo. Gari likamwamulia. Lilizima kila kitu, kimya kimya kama kawaida yake, tukasimama katikati ya mlima.

"Kuna nini?" Bi Mwanasiti akauliza.

Lamya alikuwa ameshika kiti, anauma kanga.

"Mazin. Nimekuuliza. Si gari ya jua hii?"

Ndipo mdogo wangu akageuka. Tangu aoe sijawahi kumwona akimtazama yule mama usoni. "Mama," akasema, "jua halikufika. Samaki wako wamelifunika, tangu ulipokuja. Sikuweza kukwambia."

Bi Mwanasiti alimlaza mwanawe begani kwangu, akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kusimama katikati ya barabara. Lori lilikuwa linapanda, limebeba makreti ya bia. Katika mji huu watu wanaweza kukosa esanse, bia haikosi. Dereva akapiga honi. Mama wa watu, hajja, ambaye glasi iliyowahi kutiwa bia haioshi mara saba bali anaivunja, hakusogea hata hatua. Lori likasimama karibu kumgusa.

Lamya tukamweka mbele na dereva. Sisi watatu tulipanda juu ya makreti, chupa zinagongana, tukaingia hospitali hivyo, siku ya Ijumaa. Wauguzi walimchukua Lamya mbio, mlango ukafungwa, tukaambiwa tungoje kwenye benchi la korido.

Pale nilipata hofu ambayo sitaki kuirudia. Mazin alikaa ameinamisha kichwa, mikono kati ya magoti. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa kuchagua.

Muuguzi alitoka akiwa ameshusha barakoa. Mtoto wa kike, mzima. Mama amepoteza damu nyingi lakini yuko, anaongezewa. Akatuuliza kwa nini tulichelewa, maana kidogo tu zaidi wangewakosa wote wawili. Hakungoja jibu, akarudi ndani.

Bi Mwanasiti alilia kwanza, akamaliza, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Mi ni mama ya Lamya," akasema. "Ungeniambia, samaki hao ningewamwaga Tanganyika kwa mikono yangu. Vioo vile mi nilijua ni vya kuanikia, mutu wa Rumonge anajua wapi? Heshima yako ilitaka kunizikia mutoto, Mazin. Heshima gani hiyo?"

"Si heshima, mama," Mazin akasema.

"Sasa nini?"

Akatazama sakafu. Nilidhani bubu amerudi.

"Siku ile tulipomzika yule wa kwanza," akasema, "ulikuwa umekaa na wanawake, mimi niko nyuma ya pazia. Ukasema Lamya ameolewa na mtu anayembeba kwenye mkokoteni kama gunia. Nilisukuma ule mkokoteni mpaka mikono ikachubuka, mama. Tangu siku ile nikikuona sauti hainitoki."

Mimi mwenyewe sikuwa nalijua hilo. Gari, jua, mihadhara, kiwanja alichouza, yote niliyomcheka, yalikuwa yanamjibu mama huyu ambaye hata hakujua anajibiwa.

Bi Mwanasiti aliitazama mikono ya mkwe wake.

"Nilisema hivyo," akasema. "Mbele ya wote wale."

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna aliyenikataza."

"Apana."

Muuguzi akafungua mlango, akaita baba aje amwadhinie mtoto. Mazin akasimama, lakini Bi Mwanasiti alikuwa ameushika mkono wake, ameugeuza kiganja juu, anapapasa kwa kidole kama anatafuta ile michubuko, na ikabidi muuguzi aite tena.