Siku Niliyokataa Kuigusa Pampu ya Olbalbal

Kuna safari moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilipanda basi Songea, nikashuka Makambako, nikadandia lori la mahindi mpaka Dodoma, nikaungaunga hadi Karatu, nikiwa na begi la spana na hamu ya kuona nchi. Jumuiya ya watumia maji ikanipa kazi ya pampu kule Olbalbal, tambarare kavu chini ya milima ya kreta. Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Nikakaa miaka.

Si kwa kupenda. Kila nilipoaga, mwenyekiti wetu, Mzee Loserian, alisema, "Ukienda wewe, mifugo yetu tuipeleke wapi?" Pampu niliijua mimi peke yangu.

Wakati huo ofisi ya Karatu ilikuwa imeweka mfumo kwenye kompyuta, kila fundi aandike anachojua kisije kikapotea. Nikaandika. Wasaidizi wangu, Naisiae na Boay, waliposoma, Naisiae akacheka. "Fundi, umeandika, 'Mlio ukibadilika, zima injini.' Ubadilike uweje? Ulie kama mbuzi?"

Alisema kweli. Basi nikaafikiana na mzee: siku pampu itakapogoma, hawa wawili wakiitengeneza bila mkono wangu, aniache niende.

Nikawafundisha wiki nyingi. Kisha ikagoma, kiangazi kikali, ng'ombe wamejaa kwenye birika la kunyweshea. Ilikuwa inavuta hewa badala ya maji, mlio wake kama kokoto ndani ya debe. Nikaketi juu ya jiwe, nikakunja mikono.

"Wewe mtu wa Songea!" wenye mifugo wakanijia juu. "Unakula mshahara wetu umekaa kama mgeni wa harusi?"

"Leo mimi mgeni kweli," nikajibu.

Naisiae akaurekodi mlio kwa simu, Boay akazima injini. Wakakaza kiungio, wakawasha, maji hayakuja. Ndama mmoja akalala chini. Mikono iliniwasha, mwanangu, lakini sikuinuka. Ningeinuka, ningebaki pale mpaka uzeeni, na siku ya kufa kwangu wangekosa maji.

Naisiae akapapasa bomba lote polepole. "Mzee, sogea, unanizibia mwanga," akamwambia mwenyekiti, na mwenyekiti akasogea. Akauona ufa, akaufunga kwa mpira wa tairi. Boay akajaza maji kwenye pampu mpaka mapovu yakaisha. Wakawasha. Birika likaanza kujaa.

Baadaye waliingiza kwenye mfumo ule mlio wa pampu nzima na wa pampu inayovuta hewa, na maelezo kwa maneno yao wenyewe. Yalieleweka kuliko yangu.

Sasa umeajiriwa, na ofisi yako ina mfumo kama huo. Ujaze kwa moyo. Lakini usiseme umemfundisha mwenzako mpaka awe ameifanya kazi wewe ukitazama tu. Aliyejifunza juzi ndiye aandike, maana bado anakumbuka palipomtatiza. Na usifiche unachojua ukidhani kitakulinda. Mimi kilinifunga miguu.

Asubuhi niliyoondoka moja kwa moja, Mzee Loserian alinisindikiza mpaka barabarani. Naisiae na Boay hawakuja kuniaga. Walikuwa na kazi, na hakuna aliyefikiria kunirudisha. Mungu akujalie nawe uondoke hivyo kila mahali utakapofanya kazi.