Aliyejua Mkonga Ulipopita

Haroub ni ndugu yangu wa tumbo moja, mimi dada yake nimemtangulia miaka sita. Mimi ndiye niliyemfunza kuandika jina lake kwa mkaa ukutani. Nilimaliza darasa la saba, yeye aliishia la tano. Ila jambo moja alinishinda, nami nakiri: alijua mkonga wa simu, ule waya uliozikwa ardhini, ulipopita.

Watu wa kampuni ya simu walipokuja kusimamisha mnara hapa kijijini kwetu Shumba, yeye alikuwa miongoni mwa wachimbaji. Wiki saba alichimba mtaro kando ya barabara, kisha wakamuajiri aulinde mnara na aitembelee njia ya mkonga, mtu asije akachimba mchanga juu yake. Miaka minane akaifanya kazi hiyo. Akimuona mtu na jembe karibu na barabara, atamfokea tangu mbali.

"Mnara huu ni masikio tu," alikuwa akitwambia. "Akili iko mbali. Sauti yako yapokewa hapa, yaingia mkongani, ndani mna vioo vyembamba kama nywele, yenda Wete, yavuka bahari mpaka kwenye mitambo mikubwa. Huko ndiko wanakojua nambari hii ya nani na yuko wapi. Ndipo irudi."

"Hata nikikupigia wewe hapo barazani na mimi niko jikoni?" mkewe, Zulekha, akamuuliza siku moja.

"Hata hapo."

"Basi wali utapoa, Haroub. Bora nikuite kwa mdomo."

Tukacheka mpaka machozi. Zulekha alikuwa na maneno yake.

Zulekha alifariki alfajiri ya Jumatatu. Mtoto wao mmoja tu, Kauthar, muuguzi, yuko Unguja. Haroub akampigia papo hapo. Nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu.

"Baba, msimuoshe bila mimi," alisema huku akilia. "Natafuta ndege ya saa tano. Nikipata nafasi nitakupigia, mnisubiri, mumzike baada ya alasiri. Nisipopiga, jueni nimekosa, mumzike adhuhuri. Msimcheleweshe mama kwa ajili yangu."

Ndivyo walivyoagana.

Saa mbili wanaume wakaenda makaburini. Makaburi ya ukoo wetu yamefika hadi ukingoni mwa barabara. Kwetu mfiwa hukaa na wenzake, wengine ndio wachimbao, lakini Haroub alikataa kuachia jembe. "Kaburi la mke wangu nalianza mimi." Siku zote alihesabu hatua nne kutoka ukingoni, akajua mkonga uko wapi. Siku ile hakuhesabu. Jembe la tatu au la nne likakata kitu. Akainama, akaona bomba la mkonga, la rangi ya chungwa, limepasuka.

Akarudishia udongo upesi. "Hapa pana jiwe," akasema. "Sogeeni ndani."

Wakasogea. Nani angembishia Haroub kuhusu ardhi ile?

Tangu hapo simu za Shumba nzima zikawa zaonyesha alama za mnara zimejaa, lakini ukipiga, kimya. Watu wakadhani ni kawaida, mtandao hutuchezea. Saa nne na nusu Jecha, jirani yetu, akamuuliza Haroub barazani: "Mtoto hajapiga?"

"Hajapiga."

"Basi kakosa nafasi, maskini."

Haroub akatazama chini. Mtu mmoja kwa bodaboda hadi Konde, kwenye mnara mwengine, angetosha kumpata Kauthar. Yeye alilijua hilo kuliko sote. Lakini ilimpasa aseme kwanza: mimi, niliyewafokea miaka minane, nimekata mwenyewe. Hakusema.

Nami nilikuwa ndani na maji ya kuoshea. Wanawake wakaniangalia, kwani mimi ndiye mkubwa. Nikasema, "Kama hajapiga, kakosa. Tumuosheni." Neno hilo ni langu, simtupii mtu.

Saa saba Zulekha akazikwa. Saa nane gari ikasimama nje, Kauthar akashuka na kanga mbili mpya za kumfunikia mama yake. Akaona watu wametulia, maji yamekwisha mwagwa. Akajua.

"Nimepiga, baba. Tangu saa tatu napiga. Nimepiga mpaka nilipotua uwanja wa ndege Chake."

Hapo Haroub akasema, mbele ya watu wote. Jembe lake, bomba, jiwe la uongo. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja kitu.

Kauthar hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema tu: "Kukata si kitu, baba. Ungesema. Wangesubiri."

Mafundi walikuja kesho yake wakaunganisha. Haroub akawaonyesha mahali, kisha akawakabidhi funguo za uzio wa mnara, hakuzitaka tena. Siku hizi watu wachimba mchanga kando ya barabara, yeye apita kimya.

Kauthar hupiga kila Ijumaa baada ya sala. Hunipigia mimi. "Shangazi, baba kala? Dawa anatumia?" Nami humjibu kwa sauti ya juu, kwani Haroub huwa kakaa ubavuni pangu, kainamisha kichwa karibu na simu. Mara mbili nimemnyooshea aseme naye. Atikisa kichwa. Asikiliza mpaka mtoto wake akate.