Kwenye meza ya Rodah, mnashinda wote au mnaanguka wote

Saa tisa kasoro robo alasiri, katika kituo kimoja cha kununulia majani chai karibu na Mogogosiek, mwanamume mwenye gambuti zilizojaa matope anapiga meza kwa kiganja na kupaza sauti: “Nimekufa! Wacheni niende nyumbani, nimekufa!”

“Hujakufa, Ombati,” anajibu mwanamke aliyeketi mkabala naye, bila hata kuinua macho. “Geuza kadi. Bado tunakuhitaji.”

Mwandishi wa makala haya, aliyekuja hapa kuuliza habari za bei ya majani, amesimama mlangoni akiwa ameduwaa. Watu wazima watatu wameinamia kadi za rangi zenye picha za watu wanaoruka angani wakiwa wamevaa nguo za kubana. Wengine zaidi ya kumi wamewazunguka, wakitoa ushauri kwa sauti kama walio kwenye mechi ya mpira. Magunia ya majani yamepangwa pembeni yakisubiri lori.

Hakuna hela mezani. Hakuna anayemcheka aliyekufa. Na la kushtua zaidi ni kwamba hakuna anayeonekana kutaka kumshinda mwenzake.

Mwanamke huyo ni Rodah Chepkirui, 41, ambaye wengi hapa humwita Mama Chelimo kwa jina la bintiye. Kazi yake ni kuchambua majani. Mkulima akishamwaga gunia lake mezani, Rodah huondoa vijiti na majani magumu, yabaki majani mawili na chipukizi, yale ambayo kiwanda hakiyakatai. Wakulima humlipa kidogo kidogo. Siku nzuri hurudi nyumbani na shilingi 250, siku mbaya 100.

Hata hizo sasa ziko hatarini. Jumatatu kamati ya kituo ilimpa taarifa: kadi zichomwe kufikia Ijumaa, na yeye mwenyewe aondoke kwenye meza hiyo. Mtu fulani alikuwa amepeleka habari kanisani, zikaifikia kamati, kwamba kituoni kunachezwa kamari, na kwamba watu wanasikika wakipiga kelele za kufa.

“Nikitoka hii meza naenda wapi?” anauliza Rodah. “Kuchuma siwezi tena. Angalia.”

Anainua mkono wa kulia. Vidole vitatu havikunjiki. Miaka miwili iliyopita aliteleza kwenye mteremko akiwa na kikapu kilichojaa mgongoni, akaangukia kifundo cha mkono. Mfupa ulipona vibaya. Kuchuma majani chai kunataka mikono miwili inayokimbizana, na alipokuwa mzima Rodah alikuwa akichuma hadi kilo 45 kwa siku.

“Nilikaa nyumbani miezi saba,” anasema. “Watu wanapita njiani wakienda kuchuma, wananisalimia tu wakiwa nje ya ua. Hakuna mtu aliniita mahali. Nilikuwa nimekufa na bado nakunywa chai.”

Kadi zenyewe alizipata kwa bahati. Alikuwa ameenda soko la Litein kumnunulia Chelimo sweta ya mitumba, na mwenye duka, kwa kuona amelipa bila kulalamika, akamtupia sanduku lililopondeka kona moja kama nyongeza. Ndani mlikuwa na kadi mia moja na kitu. Kijitabu cha maelezo hakikuwemo.

Rodah alipoanza kazi ya kuchambua, alilibeba sanduku hilo hadi kituoni. Lori la majani huku lina tabia zake. Linaweza kufika saa nane, linaweza kufika saa kumi na mbili, na mkulima hawezi kuondoka kabla majani yake hayajapimwa. Zamani saa hizo za kungoja zilikuwa za kusengenyana na kugombana. Wakipsigis walikaa benchi lao, waliotoka Kisii wakakaa lao, na katikati palikuwa na mizani.

“Tulisoma kadi moja moja pamoja, kila mtu na Kiingereza yake kidogo,” anakumbuka Ombati Makori, 36, kibarua wa kuchuma. “Mimi nasoma mwanzo, mwingine anamalizia. Ndiyo tukajua ni mashujaa wanapigana na adui mmoja. Ama mnampiga nyinyi wote, ama anawamaliza nyinyi wote.”

Ila hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo mwandishi huyu, anayeujua mchezo huu kutoka kwa marafiki zake wa Nairobi, alilisikia akabaki mdomo wazi.

Mmoja wa mashujaa wa mchezo ni mwanamke anayerusha barafu. Adui ni tajiri katili anayesimama mbele ya kiwanda kinachotoa moshi. Ndivyo waliotengeneza mchezo walivyotaka. Watu wa Mogogosiek waliiangalia ile picha ya barafu, wakakumbuka mvua ya mawe inavyolipasua shamba zima kwa dakika kumi, wakamweka mwanamke huyo upande wa adui. Mwenye kiwanda wakamfanya shujaa. Kiwanda si ndicho kinacholeta bonasi?

“Kwani kuna mtu mzuri anarusha mawe ya barafu?” anauliza Mellen Nyamusi, 52, mwenye robo ekari ya chai na mchezaji hodari kuliko wote hapa. Alipoelezwa ukweli alishtuka, kisha akakasirika. “Hao waliotengeneza hawana shamba. Sisi tutaacha vile iko.”

Na wameacha. Mwenye kiwanda anaokoa dunia kila alasiri, na Mama Barafu anapigwa bila huruma.

Kuna kanuni nyingine waliyoitunga. Nairobi kila mchezaji hushika kadi zake na kuzificha wengine wasizione. Hapa ukikaa tu unaambiwa, “Mwaga!” Ndilo neno lile lile mkulima analoambiwa anapofikisha gunia kituoni. Majani yote humwagwa mezani mbele ya watu, kwa sababu wapo wajanja wanaoweka majani mazuri juu na makuukuu chini. Anayekamatwa hurudishwa nyumbani na gunia lake, na aibu hiyo humfuata wiki nzima. Kwa hiyo kadi nazo hulazwa wazi. Kuficha ni wizi.

Lakini ukiwauliza kinachowarudisha mezani kila siku, hawataji Mama Barafu. Wote wanataja mgongo wa kadi.

Shujaa akipigwa hadi nguvu zake kuisha, mchezaji hatoki. Anageuza kadi, na nyuma yake kuna maneno machache: kila mzunguko anaweza kumpa mwenzake nguvu moja, au kumkinga na pigo moja. Siku Ombati alipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza, Rodah aliinuka akaenda nyuma ya kituo. Alikaa huko kitambo.

“Nilikuwa nalia, sitakudanganya,” anasema. “Nilidhani mtu akianguka ni kwisha.”

Ijumaa ilipofika, mwandishi huyu alirudi. Bei ya majani ilikuwa imesahaulika kabisa.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Robert Kipkosgei, 67, alifika saa nane akiwa na koti lake zito na barua ya kumwondoa Rodah mfukoni. Ni mtu anayeogopwa. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye amekuwa akikagua magunia hapa, na inasemekana anaweza kunusa majani makuukuu kabla gunia halijafunguliwa.

“Chamgei, Mzee,” Rodah alimsalimu.

“Chamgei. Leteni hizo vitu zichomwe.”

“Nitazichoma na mkono yangu mwenyewe,” Rodah akajibu. “Lakini wewe hukubali gunia ama kukataa kabla hujaona ndani. Kaa chini ucheze mara moja. Ukiona kamari, sitakuomba kitu ingine.”

Minong'ono ikasikika. Mzee akatazama huku na huku, akavuta benchi. Akapewa shujaa anayeruka. Akaambiwa amwage, akalaza kadi zake mezani, na mchezo ukaanza.

Mwanzoni aliuliza maswali kwa ukali, kama anayehoji mshtakiwa. Baada ya mizunguko mitatu alikuwa amevua kofia. Baada ya mitano alikuwa akimkaripia Ombati: “Wewe, kwa nini unampiga huko? Mkinge huyu mama kwanza!” Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kumwona mwenyekiti akisimama kutoka kwenye benchi kwa furaha.

Kisha mambo yakaharibika. Mama Barafu alimwangusha Ombati, akamwangusha Mellen. Wote wawili wakageuza kadi na kuendelea kusaidia. Rodah akabaki na nguvu moja. Walihitaji kadi moja tu ya pigo kubwa, na kila mtu alishangaa mbona haitokei, maana zimo mbili na ya kwanza ilikwisha kutumika. Mvua ya mawe ikapiga tena. Rodah akaanguka, kisha Mzee. Wakawa wameshindwa wote.

“Basi,” akasema Mzee Kipkosgei akiinuka, mkono ukielekea mfukoni kutoa barua. “Nimeona.”

Alipoinuka, kadi ikadondoka kutoka kwenye mkunjo wa koti lake. Ilianguka sakafuni uso juu. Ilikuwa lile pigo kubwa.

Mwandishi huyu ameripoti ajali, mazishi na mikutano ya siasa iliyovunjika kwa mawe. Hajawahi kuona watu wamepigwa na butwaa namna ile. Mellen aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mtu mmoja nyuma akasema “Uwi!” Mkaguzi wa miaka kumi na tisa, aliyerudisha watu nyumbani na magunia yao huku wakilia, alikuwa ameficha.

Mzee alijaribu kueleza. Maneno yalitoka vipande vipande. “Nilikuwa nangoja… nilitaka nimalize mimi. Nilidhani iko mtu anashinda.”

Maisha yake yote alikuwa amecheza karata za kawaida, zile ambazo mwerevu huweka nzuri yake hadi mwisho. Hakuamini, hata baada ya kuelezwa, kwamba hapa hakuna mwisho wa mtu mmoja.

Wote walimgeukia Rodah. Kwa sheria ya kituo, alikuwa na haki ya kumfukuza mezani mbele ya wote ambao mzee huyo aliwahi kuwafukuza. Aliokota kadi kwa mkono wake mbovu, taratibu, maana vidole havikutaka kuishika. Akaipangusa vumbi.

“Mwaga, Mzee,” akasema.

Na mzee akamwaga. Alitoa miwani, leso, funguo, kalamu, na mwisho ile barua, akavipanga mezani kimoja kimoja. Hakuna aliyecheka. Rodah aliisoma barua hiyo iliyotaja jina lake, akaikunja, akairudisha mbele ya mzee.

“Sasa kaa tuanze tena,” akamwambia. “Hata ukianguka tutakuhitaji.”

Honi ya lori ikalia. Kwa kawaida sauti hiyo huwainua watu wote kwa mkupuo, kila mmoja akikimbilia gunia lake, kwa sababu majani yaliyokaa hupata joto na kuharibika. Wengine walikwisha kuinuka. Mzee Kipkosgei hakugeuza hata shingo.

“Mwambieni dereva angoje,” akasema.

Kwa yeyote anayeijua nchi ya chai, hilo ni jambo la kushtua kuliko yote yaliyotangulia. Lori hungojwa, halingoji. Dereva alishuka akiwa na hasira, akaingia ndani kutafuta wa kumfokea, akamkuta mwenyekiti amekodoa macho juu ya picha ya mtu anayeruka. Alisimama hapo hapo dakika kumi na moja. Kufikia ya tano alikuwa ameanza kutoa ushauri.

Mzee ndiye aliyeanguka wa kwanza safari hii. Aligeuza kadi bila kuambiwa, na katika mizunguko yote iliyobaki alimpa Rodah ile nguvu yake moja. Pigo la mwisho lilitoka mkononi mwa Ombati. Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabara kuu, na kama yule aliyepeleka habari kanisani alikuwa karibu, bila shaka alishtuka tena.

Ile barua haikupatikana tena mezani. Mellen anaapa kwamba alimwona mzee akiichana na kuisukuma ndani ya gambuti yake, mbali na macho ya watu. Safari hiyo walimwachia afiche.

Rodah bado yuko kwenye meza yake. Kadi za sanduku zimechakaa, nyingine zimeshikwa na utomvu wa majani hadi hazisomeki, kwa hiyo ameanza kutengeneza zake kwa makaratasi magumu ya maboksi, akichora kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa Kiswahili. Ametengeneza ishirini na tatu. Akimaliza anataka kupeleka seti moja Kipkelion, ambako dada yake anasema wakulima wa maziwa hungoja gari lao kila asubuhi wakiwa wamenuniana.

Shujaa wa kadi ya ishirini na nne amekwisha kumchora upande mmoja. Ni mzee mwenye koti zito na kofia mkononi. Mgongo wa kadi bado ni mweupe.

“Nguvu yake ataniambia mwenyewe,” anasema Rodah, akirudi kuchambua majani. “Nimemuuliza mara mbili. Nangoja aibu imwishe.”