Nililala Kwenye Usukani Lingeka

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya trekta sikukalia kiti. Nilipewa kopo la grisi na tambara, nikaambiwa nilale chali chini ya jembe nitafute kila kitundu cha kupitishia grisi. Ilikuwa Bariadi mjini, kwenye yadi ya tajiri aliyekuwa na matrekta matatu, ambaye sote tulimwita Mwenye Mashine. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Nilikuwa nimeuza dagaa Lamadi, nimechunga ng'ombe wa watu Meatu, nimebeba marobota ya pamba Maswa, na hakuna kazi iliyonikalisha misimu miwili. Trekta lilinikalisha miaka ishirini na mitatu, kwa sababu kila siku lilikuwa na kitu nisichokijua, na mimi kitu nisichokijua hunikosesha raha.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Mkuu wa yadi, mtu mfupi asiyependa maneno. Alinionyesha jembe la sahani tatu, yaani vyuma vya mviringo vinavyozunguka na kuupindua udongo. Akanieleza kwamba ukishalima mstari wa kwanza unabaki mtaro, na ukirudi, matairi ya kulia yanapita ndani ya mtaro ule. Unaweka gia, unavuta akselereta ya mkono ili mguu upumzike, na trekta linakwenda lenyewe kama ng'ombe aliyezoea njia. Usukani unaushika kwa heshima tu.

"Hapo ndipo penye hatari," aliniambia. "Mashine ikichoka inatoa moshi, inagonga, unaisikia. Mtu akichoka anacheka tu na kusema yuko sawa."

Nilicheka, nikasema nimeelewa.

Anayeijua nchi yetu anajua kwa nini kazi hii haina subira. Udongo wa mbuga, ule mweusi, ukiwa mkavu ni kama saruji, na ukilowa sana trekta linazama hadi kwenye ekseli. Kati ya hapo kuna siku chache baada ya mvua za kwanza, na siku hizo kila mkulima anataka alimiwe leo. Mwenye Mashine aliweka dereva mmoja tu kwa kila trekta. Nilipomuuliza tutalala saa ngapi, alinitazama kama niliyeomba ng'ombe.

"Utalala mwezi wa saba," akasema. "Mwezi wa saba hakuna kazi, lala mpaka ubavu uume."

Niliamini kabisa kwamba usingizi unaweza kuwekwa kiporo. Msimu wa kwanza nilipelekwa Maswa, nikalima nikijilaza saa mbili au tatu kwa siku chini ya tela. Msimu uliofuata nilipelekwa Bukundi, chini ya Msimamizi wa Kambi, mtu wa mzaha aliyetushindanisha. Aliyekaa macho muda mrefu zaidi alisifiwa mbele ya wenzake wakati wa chakula. Mimi nilitafuna unga wa kahawa mkavu, nikavuta ugoro, nikanawa uso kwa maji ya rejeta yaliyopoa. Msimamizi akanipa jina, Jicho. Wanakijiji wakalishika. Nilipenda kuitwa Jicho kuliko jina nililopewa na baba yangu.

Mwili ulisema, ila mimi sikuwa msikilizaji. Nilikula sana na sikushiba. Nilimfokea mke wangu kwenye simu kwa sababu ameniuliza nitarudi lini. Asubuhi moja nilichukua dumu na kumimina maji kwenye tanki la dizeli, taratibu, bila kumwaga hata tone, nikijiona mwangalifu. Fundi Mkuu ilibidi apande basi kutoka Bariadi kuja kulimwaga tanki. Sikuona hasira usoni kwake. Alinivuta pembeni akasema niende nikalale siku mbili, yeye atalima. Nilimjibu kwamba Jicho halali. Wenzangu walicheka, naye akakunja spana zake akaondoka. Siku mbili tu alikuwa ananipa, nami nikazikataa ili watu wacheke.

Kutoka Bukundi tulivuka kwenda Lingeka, na huko nililima shamba la Mayu Kabula.

Mayu Kabula, na mayu kwa Kisukuma ni mama, alikuwa mjane, mtu mzima, macho yake yote yana mtoto wa jicho. Mwanae pekee aliyebaki hai, Nkwimba, alikuwa ameolewa mbali. Shamba lake lilianzia barabarani na kuishia karibu na uzio wa minyaa uliozunguka mji wake. Kabla sijaanza alinishika mkono, akahesabu hatua kutoka kwenye mlango wa uzio, kisha mguu wake mtupu ukaanza kupapasa chini hadi ukagusa mawe matatu, na mbele kidogo mengine matatu.

"Huyu ni Masanja," akasema. "Huyu ni Limi. Waliondoka wadogo, surua. Geuzia trekta kabla hujafika hapa, baba."

Vituta vya makaburi vilikuwa vimeshalingana na ardhi zamani. Mawe tu ndiyo yaliyobaki, na bila mawe usingejua kitu. Niliitikia. Nilikuwa sijajinyoosha ubavu tangu juzi, na maneno yake yalipita kwangu kama maneno ya redio ya jirani.

Ilikuwa mchana, jua limesimama. Nakumbuka mbuyu mdogo uliokatwa kichwa upande wangu wa kushoto, nakumbuka joto la injini kwenye magoti, nakumbuka nikijiambia kwamba mtaro umenyooka vizuri. Kilichofuata ni kishindo cha minyaa na injini kuzimika. Pua ya trekta ilikuwa ndani ya uzio. Niligeuka nikatazama nyuma. Ule mtaro ulikuwa umenyooka kweli, mzuri kuliko yote niliyowahi kulima, na ulikuwa umepita juu ya watoto wa Mayu Kabula.

Hapo nilifanya jambo ambalo mtu aliyelala vizuri hawezi kulifanya. Niliruka chini nikayaokota mawe yote sita, moja lilikuwa huku, lingine kule, nikayapanga kwenye fungu moja safi kando ya uzio. Kichwani nilijiona ninatengeneza. Mayu Kabula alipofika akipapasa kwa fimbo, fungu lilikuwa tayari, na udongo wote ulikuwa sawa.

Majirani walikuja, wengine na fimbo. Yeye aliwazuia. Alinisogelea, akanishika uso kwa mikono miwili, akauliza nimelala lini. Nikasema sikumbuki. Akawaambia majirani hawezi kusemeshana na mtu aliyekwisha kufa, akaniingiza ndani, akanitandikia ngozi ya ng'ombe. Nililala tangu mchana ule hadi asubuhi ya pili.

Nilipoamka dunia ilikuwa na rangi. Nilisikia ndege. Akili yangu ilikuwa nyepesi kama ya mtoto, na nasema hivi makusudi, ili nisije nikausingizia usingizi kwa kilichofuata. Mayu Kabula alinipa uji, akaningoja nimalize, kisha akanipeleka nje. Mawe alikuwa ameyabeba kwenye khanga.

"Wewe ndiye uliyeyaokota," akasema. "Hatua zangu zimepotea kwenye mabonge haya. Nionyeshe tu yalikuwa wapi. Masanja wapi, Limi wapi. Sitaki kingine."

Sikujua. Nilitafuta kichwani nikakuta giza tupu kati ya ule mbuyu na kishindo cha minyaa. Ningeweza kusema hivyo. Lakini alikuwa ameinua uso akinisubiri, nami nikapiga hatua nne, nikasema, "Masanja hapa." Nikapiga nyingine tano. "Limi hapa."

Akapiga magoti, akayapanga. Nililima pale siku mbili zaidi, na asubuhi zote mbili nilimsikia akitoka na kusimama kwenye mawe yale, akiwaamkia kwa Kisukuma, mwangaluka Masanja, mwangaluka Limi, kisha anainamisha sikio kama anayesubiri jibu.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Sikumwambia Mwenye Mashine, wala Fundi Mkuu, wala mke wangu. Nilianza kulala kila siku, nikaitwa mvivu, nikahamia kwa matajiri wengine. Hata hivyo, usingizi wenyewe ulikuwa umeharibika. Presha ilinishika kabla sijafika hamsini, na ndipo tabibu mmoja wa kituo cha afya, kijana mpole, akawa mwalimu wangu. Nilimuuliza maswali hadi foleni ikanung'unika. Alinieleza kwamba mtu akilala moyo unapunguza kasi na mishipa inapumzika, mwili unajikarabati, na kichwa kinapanga mambo ya mchana kila moja mahali pake ili yakumbukwe. Ukimnyima mtu usingizi siku nyingi, ubongo unajilalia wenyewe kwa dakika au chini ya hapo, macho yakiwa wazi, na yeye asijue. Kulala sana mwezi wa saba hakurudishi kilichopotea. Nikamuuliza kama kitu ambacho ubongo haukukipokea wakati ule kinaweza kutafutwa baadaye. Akasema, "Hapana mzee, hakikuingia." Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Mwaka jana Nkwimba alinipigia simu. Mayu Kabula alifariki miaka kadhaa nyuma, na Nkwimba, sasa mama wa makamo, alikuwa amejaaliwa kununua matofali na saruji ili awajengee makaburi mama na ndugu zake. Mama alimwachia maneno kwamba wakitaka uhakika wamtafute Jicho, ndiye aliyeonyesha. Nilipanda gari hadi Lingeka. Nilimkuta na fundi mwashi, mawe sita yakiwa palepale, yamelainika kwa kushikwashikwa.

"Karibu baba," akasema. "Thibitisha tu, fundi achimbe msingi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi, mbele ya fundi.

Nkwimba aliyatazama mawe. "Miaka yote ile," akasema, "mama alikuwa anasalimia shamba?"

"Sijui, mwanangu. Huenda ni pale, huenda si pale."

"Mimi nilipomzalia mjukuu alimleta hapa amwonyeshe kwa wajomba zake. Alimlaza kwenye yale mawe." Akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Sasa baba, umekuja kufanya nini, kama hujui?"

Nikasema kuna vitu viwili ninavyovijua. Najua mahali nilipokuwa macho mara ya mwisho, na najua mahali nilipoamka. Kati ya hapo ndipo walipo.

Akanitazama, akamtazama fundi. Kisiki cha mbuyu kilikuwa bado kipo. Fundi alinishikisha ncha ya kamba nikasimama pale, naye akaenda na ncha nyingine hadi kwenye uzio. Alipoivuta ikanyooka juu ya shamba la watu, ndefu kuliko nilivyodhani, nikaona kwa macho usingizi wangu ulikuwa na urefu gani.

Fundi akasema matofali hayatoshi kuzungushia kipande chote kile. Nkwimba akasema basi azungushie minyaa, na kwamba pale hapatalimwa tena, si kwa trekta wala kwa jembe la mkono. Nilikata vipando mwenyewe, nikavipanda kufuata kamba, mstari mmoja kwenda na mmoja kurudi, na Nkwimba akawa anapita nyuma yangu akivishindilia udongo kwa mguu.