Kizibo cha Ndama

Mwaka ule tulikuwa na wagonjwa wawili nyumbani: binti yangu wa miezi tisa, na ndama mwekundu aliyefiwa na mama yake. Wote wawili walikuwa wamekonda, na sitaficha, macho ya familia yalikuwa kwa ndama. Huku Nyanungu mgeni huulizia ng'ombe kabla hajaketi.

Binti yangu alikuwa ametoka kwenye malaria na uzito ukagoma kupanda. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulitoka kwenye kijani ukaingia kijivu. Nesi alikata kidonge cha vitamini A kwa mkasi, akamkamulia mdomoni, akaniambia nimpe uji wenye dagaa waliosagwa, mchicha, yai na viazi vya njano, kisha nirudi mwezi ujao. Nilimsikiliza nimekunja uso. Mimi ni mwalimu. Makundi ya vyakula nayafundisha kwa chati ukutani. Kuelezwa habari za mchicha mbele ya foleni ya akina mama kulinikera, na mwezi mzima niliuona mrefu mno.

Nyumbani ndama alikuwa akinyweshwa dawa ya maji, ya rangi ya chungwa, iliyonunuliwa kwenye duka la dawa za mifugo mjini Tarime. Mama mkwe ndiye aliyempimia, kwa kizibo cha soda, akachanganya na maziwa. Ndama aliyekuwa hawezi kusimama akasimama. Wiki ya pili akawa anafukuza kuku uani, na majirani wakaja kumtazama.

Siku moja nikachukua ile chupa nikasoma karatasi yake. Vitamini A, D, E. Ni herufi zilezile ninazoandika ubaoni. Nikajiambia vitamini ni vitamini, ni chakula tu kilichotiwa kwenye chupa, na tangu lini chakula kikamdhuru mtu? Kila jioni, mama mkwe alipokwenda kukamua, nilimtilia mtoto nusu kizibo kwenye uji. Nusu, kwa sababu nilijiona mwangalifu sana. Sikumwambia mtu, maana sikutaka isemwe kwamba mwalimu anamlisha mwanawe dawa ya ng'ombe.

Siku za kwanza nilimwona amechangamka. Labda nilitaka tu kumwona hivyo. Wiki ya tatu akaanza kutapika, bila kuhara wala homa ya maana. Ngozi ya midomo ikabanduka. Akawa na kilio kipya, chembamba, hasa akiguswa kichwa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nampaka mafuta, kiganja changu kikapita juu ya utosi. Mahali pale palipokuwa bapa siku zote palikuwa pametuna, pamekaza, panadunda chini ya mkono wangu. Nikakaa chini na kopo la mafuta mkononi, nikishindwa hata kuita.

Mama mkwe alikuja mwenyewe, akashika, akanyamaza. Yule mama hanyamazi, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko uvimbe.

"Twende Tarime," akasema mwishowe.

Mume wangu alikuwa Kerende kwenye machimbo, hatukumngoja. Kabla ya kutoka niliichukua ile chupa nikaifutika kiunoni, ndani ya kanga. Sikujua kama naipeleka kwa daktari au naificha. Tulipanda bodaboda, mimi na mtoto katikati, mama mkwe nyuma, mkono wake mmoja umefunika kichwa cha mtoto njia nzima. Kila tulipopita kwenye shimo chupa ilinigonga mbavu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aligusa utosi kwa vidole viwili, akauliza kuhusu homa, kuanguka, degedege. Akasema huenda ni homa ya uti wa mgongo, itabidi wamchome sindano mgongoni kutoa maji ya kupima.

"Kuna dawa yoyote amepewa, mama? Hata ya kienyeji. Sitakugombeza."

"Hapana," nikasema.

Niliogopa kwamba mtoto atakufa. Niliogopa pia kwamba ukoo mzima utajua, shule nzima itajua, nitakuwa yule mwalimu aliyemnywesha mwanawe dawa ya ndama. Naona haya kuandika hivi, lakini kwa muda fulani hofu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Nesi alileta trei. Wakamlaza mtoto ubavu, wakamkunja mpaka magoti yakagusa kifua. Akawa ananitafuta kwa macho. Hapo mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe.

"Nimempa hii," nikasema.

Daktari akaisoma karatasi polepole. "Kiasi gani?"

"Nusu kizibo cha soda. Kila jioni. Wiki ya tatu sasa."

Akaandika. Nikaangalia sakafu, nikingoja sauti ya mama mkwe inipasue. Ikaja kutoka mlangoni, ndogo, siyo yake kabisa.

"Na asubuhi kizibo kizima," akasema. "Huyu akienda shule. Mimi ndiye."

Niligeuka. Alikuwa ameshika ncha za kilemba chake kwa mikono yote miwili.

"Nilimwona ndama amesimama," akaniambia. "Ningekwambia ungenifokea. Wewe ni mtu wa vitabu."

Daktari hakutugombeza, kama alivyoahidi. Alisema vitamini nyingine zikizidi hutoka kwa mkojo, lakini A na D mwili huziweka akiba kwenye ini, siku hadi siku, mpaka zigeuke sumu. Kipimo cha ndama kinampita mtoto mbali, na matone ya kliniki yalikuwa yameshamtosha. Sindano ya mgongo ilichomwa hata hivyo, ili kuondoa shaka, na maji yakaonekana safi. Nililia pale pale, siyo kwa furaha. Nilikuwa nimeona kwamba kama ningenyamaza, wangetwambia mtoto hana ugonjwa, tungerudi nyumbani, na tungeendelea: yeye asubuhi, mimi jioni.

Tulikaa wodini, kila mmoja upande wake wa kitanda, tukipokezana kuweka kiganja utosini. Mara nilidhani uvimbe umeshuka, mara nilidhani umepanda. Siku ya nne mama mkwe aliweka mkono wake, akautoa, akachukua wangu akauweka mahali palepale. Palikuwa bapa. Tuliporudi nyumbani yeye mwenyewe ndiye aliyesaga dagaa wa uji, na ule mstari wa kadi ulichukua miezi mingi kurudi kwenye kijani.

Binti yangu sasa yuko darasa la kwanza, na mfupa wa utosi ulishafunga zamani. Bado kila ninapomsuka, kidole changu hupita pale kwanza. Juzi nilitoka jikoni nikamkuta bibi yake amempakata, kiganja kiko juu ya kichwa, kinapapasa. Tulitazamana, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anatafuta nini.