Shokapu ya Japani

Mashimo ya barabara ya Maneromango yaliimaliza shokapu ya gari langu la zamani. Fundi wangu wa Misugusugu simwamini, kwa hiyo kabla ya kumwachia gari niliitia shokapu ile tone la rangi ya kucha.

Jioni akaniambia, "Mama, mpya za siku hizi feki. Nimekufungia mtumba wa Japani, ile yenyewe."

Nikapiga magoti kwenye oili yake. Shokapu ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, bado mbichi. Nilipoifuta kwa kidole, tone langu jekundu likatokea. Nikamwonyesha.

Hata aibu hakuona. "Sasa mama, nimekudanganya nini? Kwani haijatoka Japani?"

Imetoka, tena kwa meli, ikiwa imefungwa kwenye gari langu.