Chupa Moja kwa Watu wa Masaka

Mimi ni fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Rwanda, na divai siijui. Nakunywa chai ya maziwa, na siku ya sherehe Fanta. Ukitaka kujua kama divai ya bei kubwa ina thamani ya bei yake, basi umemuuliza mtu asiyehusika. Lakini nilikuwapo siku Silvère alipofungua chupa yake, tena bila tone la pombe kichwani, na wale waliokunywa kila mmoja anasimulia lake.

Silvère alikuwa mteja wangu. Alikaa Gitega, mtaa wa jirani, na kufanya kazi mjini, kwenye hoteli ya Mgiriki mmoja, akihudumia mezani. Kila baada ya miezi michache aliniletea koti lake jeupe nilitie kola mpya au nigeuze mikono iliyochakaa. Miaka kumi na tisa mtu huyu alivaa koti jeupe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na hata akisimama kwenye kibanda changu mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo, kama alivyofundishwa. Nilimwambia mara nyingi, Silvère, hapa hakuna Mzungu, teremsha mkono. Aliuteremsha, na kabla sijamaliza kutunga uzi ulikuwa umerudi.

Kitu alichopenda kusimulia ni divai. Alinionyesha, kwa chupa yangu ya mafuta ya cherehani, jinsi inavyofunguliwa mbele ya watu. Kwanza unamwonyesha mwenye meza karatasi ya chupa. Unavuta kizibo bila kelele. Unammiminia yeye peke yake kidogo tu, kiasi cha kidole, kisha unarudi nyuma hatua moja na kungoja. Yeye anazungusha bilauri, ananusa, anaonja, anaitikia kwa kichwa. Asipoitikia, wengine hawapati kitu. Alisema maneno hayo kwa heshima, kama mtu anayesoma dua. Tena alijua kusifu: hii ina harufu ya mbao za zamani, ile ina matunda mekundu, nyingine ina ngozi. Nilimuuliza kama kweli kuna mtu mwenye akili timamu anayelipa fedha nyingi hivyo ili anywe kiatu. Alinuna, na nusu mwaka sikumwona.

Aliporudi nilimuuliza yeye mwenyewe aliipenda ipi. Akashika kola ya koti, akaitazama sana, akakiri kwamba hajawahi kuonja hata moja. Patroni, yule Mgiriki mwenye hoteli, alikuwa akiwanusa vinywa wahudumu wote kabla hawajatoka, na aliyenuka alirudi kwao. Yale maneno ya mbao na matunda aliyajua kwa kumsikia patroni. Nikamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akanijibu kwamba yeye anajua bei, na watu wenye akili hawawezi kulipa bei ile kwa upuuzi. Rahisi ni ghali, fundi, alisema. Hasira ilinipanda kidogo, maana hilo ndilo neno ninalowaambia wateja wanaolalamikia bei yangu.

Mwaka wa 1992 binti yake Umutoni, mwalimu wa darasa la kwanza, alipata mchumba. Kijana aliitwa Armel, fundi umeme, mtu wa Masaka, shamba nje ya mji, mpole. Wale wawili walipendana waziwazi, mpaka ilikuwa raha kuwatazama. Baba yake Armel alikuwa amefariki, na aliyeshika mahali pake ni baba yake mkubwa, mzee Eustache, mkulima wa migomba ambaye ujanani alikuwa tandiboi wa malori ya Bujumbura. Kwa ukoo ule, Eustache akisema ndiyo ni ndiyo, na akinyanyua fimbo yake kwenda nyumbani, mambo yamekwisha.

Na Eustache alikuwa na jeraha. Mdogo wake, huyo baba yake Armel, alikunywa pombe kwenye sherehe ya watu, akaugua siku ya tatu, akafa. Daktari alisema ini. Masaka walisema sumu. Tangu hapo mzee hakunywa kwa mtu mpaka amwone mwenyeji akinywa kwanza. Na hilo si wazimu wake peke yake, ni desturi ya nchi nzima: mwenye pombe huonja mbele ya mgeni, amwonyeshe kwamba ndani mna usalama, ndipo ampe. Hata mtoto wa Rwanda anajua. Mwaka ule, vita viko kaskazini na mjini watu wanaangaliana kwa jicho la pembeni, desturi hiyo ilikuwa nzito kuliko zamani.

Silvère aliyajua yote hayo. Lakini kichwani alikuwa na jambo jingine. Alitaka watu wa Masaka wajue kwamba Umutoni hatoki kwenye nyumba ya mtumishi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewamiminia watu divai, na siku ya binti yake alitaka aitoe ya kwake mwenyewe. Akamwomba patroni amuuzie chupa moja, nyekundu, ya Ufaransa, yenye miaka kumi. Patroni alimpunguzia bei, na hata hivyo ilimeza fedha yote iliyowekwa kwa ajili ya godoro la Umutoni.

Mkewe, Xavérine, alikuja kwangu kushtaki. Alikaa kwenye benchi langu akasema kwamba amepika urwagwa, pombe ya ndizi, mitungi miwili, inatosha wageni na majirani, sasa chupa moja ya watu arobaini ni ya nini? Binti yake atalala juu ya kizibo? Nilicheka, na yeye akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Nilimpelekea Silvère maneno makali, lakini chupa haikurudi hotelini.

Jumapili ya posa nilikwenda nimevaa kanzu, nikapewa kiti pembeni pamoja na Fanta yangu. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimeazimwa parokiani. Watu wa Masaka waliingia wanane, Eustache mbele, kofia mkononi. Maneno ya kukaribishana yalikwenda vizuri. Msemaji wao alitania, msemaji wetu alijibu, wazee wakatikisa mabega kwa kicheko. Ikafika saa ya kinywaji.

Silvère akatoka ndani. Suti niliyomshonea ilimkaa vizuri, hilo nitalisema. Lakini juu ya mkono alikuwa amelaza kitambaa cheupe, kama cha hotelini. Alikwenda moja kwa moja kwa Eustache. Akainama, akamwonyesha karatasi ya chupa. Akavuta kizibo, na kweli hakukuwa na kelele. Akamimina kiasi cha kidole kwenye bilauri, akaiweka mbele ya mzee, akarudi nyuma hatua moja. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma ya mgongo. Akangoja.

Mazoea yana tabu. Mikono ilikuwa imefanya kazi yake bila kumuuliza mwenyewe.

Eustache aliitazama bilauri. Hakuigusa. Mazungumzo yakafa kiti kimoja baada ya kingine mpaka tukasikia kuku. Armel aliinamisha kichwa, na pazia la mlango, ambalo nyuma yake Umutoni alikuwa amesimama na shangazi zake, likaacha kutikisika. Silvère peke yake hakuelewa. Alidhani mzee hajui namna ya kunywa, akamsogelea kwa adabu yote ya hotelini.

“Onja, mzee,” akasema. “Unaonja wewe kwanza.”

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Eustache alikuwa ameshika fimbo yake, hajanyanyuka bado. Aliongea taratibu, kwa Kiswahili chake cha malori, labda kwa sababu nusu yetu mle uani tulitoka Biryogo na alitaka wote tusikie.

“Hii kitu miye nayijua,” akasema. “Nayionaka kanisani. Hata padiri, na yeye ni mutu wa Mungu, anakunywaka kwanza mbele yetu. Wewe unanipa mimi nitangulie?”

Hapo ndipo Silvère alipoamka. Niliona uso ukimpauka. Alitazama kitambaa mkononi mwake kana kwamba kimewekwa na mtu mwingine, akatazama pazia la mlango, kisha akaichukua ile bilauri na kuinywa yote kwa mara moja, kama dawa.

Na uso wake ukakunjamana. Macho yalijifumba, mdomo ukavutika pembeni, mabega yakapanda. Mwanamke mmoja upande wa Masaka alishika mdomo. Wallahi, hata mimi niliyejua chupa ilitoka hoteli gani niliogopa. Eustache akasimama. Alikuwa akimtazama Silvère kama alivyomtazama ndugu yake, nadhani, ile siku ya tatu.

“Iko nini?” akauliza. “Iko nini ndani?”

Silvère alifuta mdomo. Angeweza kusema lolote. Angeweza kuleta mbao za zamani na matunda mekundu. Badala yake alipiga goti moja chini, suti yangu vumbini, akasema kwa sauti ambayo ililazimu tusogeze vichwa ili tumsikie.

“Hakuna kitu, mzee. Iko kali tu. Miaka kumi na tisa namwangia watu hii kitu, nawaambia iko nzuri, na leo ndiyo mara ya kwanza naonja. Sikujua. Nilitaka kukupa kitu cha bei, nikakupa kama boyi anavyopa muteja. Unisamehe. Usimwangalie mutoto kwa makosa yangu.”

Eustache akauliza ile chupa iligharimu nini. Xavérine ndiye aliyejibu kutoka mlangoni, kabla mumewe hajafungua mdomo, kwamba iligharimu godoro la bibi harusi.

Mzee alirudi kitini. Kisha akachukua chupa akaiinua kwenye mwanga, akajimiminia yeye mwenyewe kwenye bilauri ileile aliyonywea Silvère, hakuifuta, akanywa. Uso wake ukafanya yaleyale, mabega na yote. Akakohoa. Kijana mmoja wa kwao alishindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikazunguka uani kama moto kwenye nyasi, hata shangazi nyuma ya pazia.

Mimi nilikuwa namwangalia Silvère. Alikuwa amenyanyuka, amesimama palepale, hatua moja nyuma, mkono nyuma ya mgongo, akingoja kuambiwa afanye nini. Eustache aliona pia. Akavuta kiti kilichokuwa tupu upande wake wa kulia. Akamimina divai kwa mara ya tatu, safari hii bilauri nzima.

“Kaa chini, bamwana,” akasema. “Leo hauko boyi wa mutu.”

Bamwana ndivyo wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wameoana. Msemaji wetu alikuwa na maswali kumi zaidi ya kuuliza kwa mujibu wa desturi, na yote yakawa mapambo tu, maana jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Pazia likaanza kutikisika tena. Silvère alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha watu. Mkono wa kushoto ukatoka nyuma ya mgongo, polepole, akaipokea ile bilauri kwa mikono miwili. Alilia mbele ya watu wote, na sikuona aibu kwa niaba yake. Nilifurahi.

Chupa ilizunguka. Kila mtu aliramba kidogo, akakunja uso, akampa jirani amcheke. Mimi walinipa kizibo ninuse, na kwa haki kabisa kilinuka mbao. Kisha mitungi ya Xavérine ikaletwa na mirija yake, Silvère akaonja kwanza, kwa sauti, tukaendelea kama watu wengine wote.

Wiki iliyofuata aliniletea koti jeupe, kola imeisha. Nilimchokoza. Nikamwambia sasa, bwana mkubwa, umekilalia kitanda, tuambie, ile chupa ina thamani ya bei yake au haina? Mkono ulikuwa nyuma ya mgongo tena, na safari hii nilimwachia.

“Ile ya kwanza ilikuwa mbaya, fundi,” akasema. “Ile aliyonimwangia Eustache hata sikusikia ladha yake. Lakini hiyo moja ningelipa tena, bei ileile. Xavérine usimwambie.”